Mafuta ya Alizeti Ndani ya Mashine ya Kuchomelea

Kwa miaka kumi na minane nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kununua mafuta ya transfoma. Yalikuja yenyewe. Lori lilipanda kutoka Mbeya na mapipa, nikatia sahihi, tukayaviringisha hadi stoo. Sikujua yanatengenezwa wapi wala mtu wa kawaida anayapataje. Ndiyo sababu, kiwanda kilipopata mwenye mali mpya na sisi wa zamani tukapunguzwa kazi, niliona ni jambo jepesi kufungua karakana ya kuchomelea vyuma pale Msasani, Tukuyu. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na mkono uliozoea kazi. Nilikuwa pia na kijana wangu aliyeoa mwaka uliotangulia, ambaye hakuwa na la kufanya.

Hilo la kijana ndilo lililonisukuma zaidi. Vijana wa rika lake walikuwa wakiondoka kila wiki kwenda Chunya kuchimba dhahabu, kwa kuwa sasa uchimbaji ulikuwa umefunguliwa kwa kila mwenye sururu. Wengine walirudi na redio. Wengine hawakurudi. Kijana wangu alikuwa ameshafunga mzigo mara moja, mama yake akaufungua. Nikamwambia abaki, tutakuwa na karakana. Akakubali kwa sharti.

"Nakupa hadi mwisho wa mwaka, baba," aliniambia. "Ikisimama, nabaki. Ikilala, usinizuie."

Mkewe alikuwa na mimba wakati huo. Sikuzungumza naye juu ya jambo hilo, wala juu ya jambo lolote lingine. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani usoni. Akinisikia nakuja, anaacha njia na kuingia migombani. Halitaji jina langu, hali mezani nilipo, na likitokea la kunieleza analipitisha kwa mama mkwe. Mimi nami nina wajibu wangu: nikikaribia mahali alipo, nikohoe ili apate nafasi ya kuondoka. Miaka ile familia nyingi za kanisani zilikuwa zimeanza kulegeza mambo hayo. Mchungaji alishasema wazi kwamba hakuna dhambi mkamwana kumwamkia baba mkwe wake. Mimi sikulegeza. Nilisema nalinda mila, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kuona mtu akiacha njia kwa ajili yangu, hasa baada ya kiwanda kuniambia sihitajiki.

Mashine niliagiza kwa fundi mmoja wa Mbeya. Ilikuwa sanduku la bati nene lenye koili za shaba na chuma ndani yake, transfoma hasa, ila ya kutoa umeme mkali wa kuyeyusha vyuma. Mashine ya aina hiyo hukaa ndani ya mafuta. Mafuta yanafanya kazi mbili: yanapoza koili, na yanazuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Bila mafuta, itafanya kazi nusu saa, kisha itaungua. Fundi wa Mbeya aliniuzia ikiwa kavu. Nilipomuuliza mafuta nitapata wapi, alicheka.

"Shuka pale Kiwira, ulizia. Watakuonyesha."

Nilishuka Kiwira. Nyuma ya vibanda vya ndizi kijana mmoja alikuwa na madumu manne ya mafuta ya rangi ya dhahabu, safi kama yale ya kiwandani.

"Shikamoo, mzee. Haya ndiyo yenyewe."

"Yametoka wapi?"

"Yametoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya nguzo, mzee. Ulidhani yanashuka mbinguni?"

Wenzake wakacheka. Nilimwambia kwamba transfoma anayoikamua ikiungua, zahanati na mashine za kusaga za kata nzima zitalala giza.

"Basi wewe mtakatifu katie mawese," akasema. "Ukichoka kuchomelea utakaanga samaki."

Nikaondoka bila kununua. Nilikuwa mzee wa kanisa, na hilo la kutonunua silijutii hata leo. Mafuta halali yaliuzwa kwa mapipa huko Dar es Salaam, kwa makampuni, si kwa mtu mwenye sanduku moja la bati. Lakini maneno ya yule kijana yalibaki kichwani. Nilijiuliza kwa nini isiwe mawese, au mafuta yoyote ya mmea. Mafuta ni mafuta, nilijiambia, na umeme hauujui mchikichi.

Nilianza kwa mawese kutoka Kyela. Kyela ni joto, mawese yanamiminika kama chai. Tukuyu mwezi wa sita ni baridi na ukungu, na asubuhi tulipofunua mfuniko tulikuta koili zimekaa ndani ya kitu cha rangi ya chungwa kilichoganda kama samli. Kijana wangu alichovya kidole, akakiangalia.

"Baba, tulete mkate?"

Tukajaribu mafuta ya nyonyo. Hayakuganda, lakini yalikuwa mazito mno. Hayakuzunguka, na joto likabaki palepale kwenye koili. Mwisho tukapata mafuta ya alizeti. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepewa mashine ya mkono ya kukamulia, ile yenye mpini mrefu, na mbegu zilikuja kwa magunia kutoka upande wa Usangu. Mkamwana wangu alikuwa mmoja wa wakamuaji. Mafuta yao yalikuwa mepesi, hayakuganda, na mashine iliyapenda tangu siku ya kwanza. Karakana ilinuka kama mgahawa. Waliopita barabarani walitania, "Fundi, leo ni geti au ni maandazi?" Nasi tukawajibu kwamba maandazi yamekwisha, yamebaki mageti.

Miezi mitatu ilikwenda hivyo. Tulitengeneza madirisha, majiko ya mkaa, kiti cha mgonjwa mmoja aliyepooza. Kisha mashine ikaanza kupata moto haraka kuliko kawaida. Tulipoifungua, ukingo wa mfuniko ulikuwa umeshikwa na utando wa kahawia unaonata kama utomvu wa papai, na mafuta yenyewe yalikuwa mazito, yamechacha, yana harufu ya rangi ya mlango. Tulitumia siku mbili kuosha koili kwa mafuta ya taa.

Hapo elimu yangu ya sekondari iliamka. Nilikumbuka kwamba mafuta ya mimea yanapopata joto na hewa hushikana na ile oksijeni, yakageuka tindikali na gundi, na kwamba shaba huharakisha jambo hilo. Ndani ya mashine yetu vilikuwemo vyote vitatu: joto, hewa chini ya mfuniko, na shaba kila upande. Mafuta ya mapipa ya kiwandani hayakuwa na tabia hiyo kwa sababu hayakutoka kwenye mmea, na walioyatengeneza walikuwa wameyatia kitu cha kuyalinda. Mimi nami, nikaamua, nitatafuta kitu cha kuyalinda mafuta ya alizeti.

Kitu hicho nilikipata kwenye chai. Chai nyeusi inakuwa nyeusi kwa sababu jani likishasagwa huachwa katika chumba chenye unyevu likapata hewa. Saa chache tu na jani la kijani limekuwa rangi ya shaba. Nimesimama katika chumba kile miaka kumi na minane nikitazama jani likila hewa. Nikafikiri: jani likikaushwa haraka kabla halijala hewa, litabaki na njaa yake. Likilowekwa ndani ya mafuta, hewa itakayoingia italiwa na jani, na mafuta yatasalimika. Nilikuwa na furaha sana na wazo hilo. Hadi leo naamini lilikuwa wazo zuri, na hilo ni sehemu ya tatizo.

Nikafanya jaribio. Nilichukua chupa sita za jemu, nikazitia mafuta ya alizeti hadi katikati, kila moja na kipande cha waya wa shaba. Ya kwanza haikuwa na kitu kingine. Ya pili niliitia chumvi, ya tatu majivu yaliyochujwa, ya nne mafuta yaliyolowekwa majani ya chai niliyoyakausha mwenyewe kikaangoni. Ya tano na ya sita nimesahau. Nilizipanga kwenye uchanja wa jikoni, juu ya moto, palipokuwa na joto mchana kutwa. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba jaribio moja si jaribio. Kila kitu kifanywe mara tatu. Nililikumbuka hilo nilipokuwa nazipanga. Chupa zilikuwa sita tu, na uchanja ulikuwa mdogo, nami nikaona inatosha.

Jikoni kulikuwa ni kwa wanawake. Kila nilipokwenda kutazama chupa zangu nilikohoa tangu kwenye kona ya nyumba, nikamsikia mkamwana akitoka kwa mlango wa nyuma, nikaingia. Katika wiki ya nne, siku moja nilitoka karakana kwa haraka. Tulikuwa tumepata ujumbe kwamba mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana, shule mpya iliyokuwa ikijengwa na wazazi, anatafuta fundi wa kutengeneza vitanda vya chuma sitini vya bweni. Nilitaka kuziona chupa kabla ya kumjibu. Sikukohoa.

Nilisikia kitu kikigonga uchanja, kisha kishindo kidogo kwenye majivu. Nikaona pindo la kanga likipotea migombani. Nilifanya kile nilichofundishwa: niligeuza uso, nikarudi nilikotoka. Kuingia wakati ule kungekuwa kumwaibisha. Nilirudi kesho yake, nikiwa nimekohoa vizuri, na chupa sita zilikuwa zimepangwa mahali pake kama kawaida.

Jioni ya siku ile ya kishindo mke wangu alikuja nilipokuwa nimekaa nasikiliza taarifa ya habari. Alisema mkamwana ameniomba radhi, chupa yangu moja ilimwagika, ameijaza tena. Nasema hivi sasa kwa sababu baadaye aliniambia hivyo, na ninamwamini. Wakati ule nilikuwa nasikiliza habari za bei ya kahawa. Nilijibu, "Sawa sawa," kama mtu anavyomjibu mtu aliyemwambia mvua inakuja.

Wiki ya sita nilizishusha chupa. Tano zilikuwa zimechacha, mafuta mazito, waya wa shaba umevaa ukijani. Ya nne ilikuwa safi. Niliiinua mbele ya mwanga wa mlango na niliweza kuona vidole vyangu upande wa pili. Niliona kwamba ilikuwa imejaa hadi shingoni, na zile nyingine zilikuwa nusu. Macho yaliona, akili haikuuliza. Nilimwita kijana wangu kutoka karakana.

"Unaona?"

"Naona, baba."

"Hii ni chai tu. Chai yetu ya hapa hapa Rungwe."

Aliichukua, akainusa. "Inanuka mpya."

"Ndiyo maana yake."

Siku ya tatu mkuu wa shule alikuja mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kagera, mwenye sauti iliyozoea mstari wa asubuhi. Alitazama mashine, akanusa.

"Mzee, mashine hii inanuka kama jikoni kwangu."

"Ni mafuta ya alizeti, mama."

"Na itamaliza vitanda sitini? Wasichana wangu wanafungua shule. Sitawalaza chini."

Nilimweleza kuhusu jani la chai na hewa. Nadhani nilieleza vizuri, maana alitikisa kichwa kama mwalimu anayemkubali mwanafunzi. Alitupa kazi. Kijana wangu alikuwa amesimama nyuma yake, na alipoondoka, alinipiga begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Usiku wa siku hiyo hakuna aliyezungumzia Chunya. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mkamwana aliimba alipokuwa anatwanga.

Tulikausha majani, tukayaloweka katika mafuta mapya siku tatu, tukachuja kwa kitambaa, tukajaza tangi. Wiki ya kwanza mashine ilikwenda kama saa. Kijana wangu alichomelea kuanzia alfajiri, mimi nikikata vyuma na kupaka rangi. Nilimpa sharti moja: kila vijiti vitano vya kuchomelea, aizime mashine ipumzike. Naye alilifuata. Nilikuwa pale, nililiona. Vitanda vilianza kujipanga nje ya karakana, na watu wa Msasani wakaja kuvikalia na kuulizana nani atalala juu.

Wiki ya tatu, vitanda vikiwa vimepita arobaini, mashine ilianza kuguna. Si ule mlio wake wa kawaida. Kijana aliizima, akasubiri, akaiwasha. Mkuu wa shule alikuwa amefika kuhesabu vitanda na alikuwa ananiuliza habari za rangi. Kulikuwa na mpasuko mmoja, kama mtu amepasua ubao, na mfuniko ukainuka, moshi mweupe ukatoka wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Kijana alizima swichi ya ukutani. Hakuumia. Alisimama na kinyago chake cha kuchomelea mkononi.

Nilichokisema nakikumbuka kwa sababu watu walinikumbusha kwa miaka mingi.

"Umeiua!"

"Baba, nimeipumzisha. Kila vijiti vitano."

"Umepumzika wewe, siyo mashine."

Nilisema hayo mbele ya mkuu wa shule, mbele ya majirani waliokimbilia moshi. Nilikuwa nimemweleza yule mama habari za jani la chai kwa dakika kumi. Sikuweza tena kumwambia kwamba huenda sikujua nilichokuwa nasema. Kijana wangu aliweka kinyago juu ya kitanda kimojawapo, akanawa mikono, akaenda nyumbani. Vitanda vilivyobaki vilitengenezwa Mbeya. Kabla wiki haijaisha alikuwa amepanda gari la kwenda Chunya. Mwaka ulikuwa haujaisha, lakini sharti letu lilikuwa limekwisha. Hakuniaga. Alimuaga mama yake na mtoto, ambaye alikuwa na miezi miwili.

Baada ya yeye kuondoka nilifungua bomba la chini la tangi ili nimwage mafuta. Kabla ya mafuta yalitoka maji. Si mengi, kikombe kimoja, meusi kama chai iliyochemshwa kupita kiasi. Majani yangu hayakuwa yamekauka kama nilivyodhani. Nilikuwa nimeyatia mafuta pamoja na unyevu wake, na kitambaa cha kuchujia hakizuii maji. Maji yalishuka chini, joto likayapandisha, umeme ukapita. Na koili zilikuwa zimeanza kuvaa gundi, licha ya chai yote. Nilijua siku ile kwamba kijana hakuwa na kosa. Nilikaa na habari hiyo peke yangu. Nilijiambia kwanza nihakikishe, maana chupa ya nne ilikuwa safi, na chupa haidanganyi.

Nikarudia jaribio. Safari hii nilifanya kama mwalimu alivyosema, chupa tatu za chai, zote nusu, zote juu ya uchanja. Zote tatu zilichacha. Zilichelewa kidogo kuliko chupa isiyo na kitu, siku chache, kwa hiyo jani lilikuwa likifanya kazi fulani, lakini zilichacha. Nilizibeba hadi uani, nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kwa nini ile ya kwanza haikuharibika.

"Ipi?"

"Ya nne. Ile safi."

Aliacha kumenya ndizi.

"Si ndiyo ile iliyomwagika?"

"Iliyomwagika lini?"

"Nilikuambia. Ulisema sawa sawa. Mkamwana aliijaza kwa mafuta yake ya jikoni, yaliyotoka kukamuliwa. Tangu siku ile ameshinda na hofu kwamba utaulizia."

Mafuta ya wiki mbili. Nilikuwa nimeinua mbele ya mlango mafuta ya wiki mbili, nikayaita ugunduzi. Mafuta yoyote ya wiki mbili yangekuwa safi. Mke wangu aliendelea kumenya ndizi. Akasema, bila kuniangalia, "Ungemuuliza mwenyewe, angekuambia."

Hilo nimelifikiria sana. Lilikuwa jambo la kuvuka uwanja na kuuliza swali moja. Nilikuwa na macho ya kuona chupa imejaa kuliko nilivyoijaza, na nilikuwa na mtu hatua ishirini kutoka kwangu ambaye alijua kwa nini. Kilichokuwa katikati yetu ni heshima, na heshima hiyo nilikuwa naipokea mimi.

Mwezi uliofuata kijana aliandika kwamba amepata mahali pa kulala, mkewe amfuate. Asubuhi ya safari, mke wangu alikuja karakana, ambayo sasa ilikuwa ghala la vyuma tu.

"Mkamwana anaaga," akasema. "Anasema ubaki salama."

"Mwambie aje mwenyewe."

"Aje wapi?"

"Hapa."

"Mzee, una homa?"

"Mwambie aje."

Alikuja na mtoto mgongoni, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso. Alisimama mlangoni akiangalia migomba, nami nikageukia ukuta wenye misumeno. Mke wangu alibaki nje, si mbali, kwa ajili ya adabu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Tata, ile chupa niliimwaga mimi," alisema.

Tata ni baba, kwa lugha yetu. Alikuwa ametembea na jambo hilo miezi yote, akiamini kwamba chupa ile ndiyo iliyomfukuza mumewe nyumbani. Na kwa namna fulani ilikuwa kweli, lakini aliyeisababisha kuanguka ni mimi ambaye sikukohoa, na aliyeambiwa kwamba imemwagika ni mimi ambaye sikusikiliza. Palikuwa na maneno ya kumjibu, nami niliyajua.

Nikamuuliza, "Ulijaza hadi wapi?"

"Hadi shingoni, tata."

"Kwa nini shingoni?"

"Kule kwetu Kyela hatuachi nafasi. Mafuta yakiachiwa nafasi yanaharibika. Tunajaza, tunafunga kwa nta."

"Na maji? Mnajuaje kama mafuta hayana maji?"

"Tunayapasha. Yakipiga kelele bado yana maji. Yakinyamaza, yamekauka." Akavuta kanga. "Hata yale majani, tata, ungeyakaanga ndani ya mafuta yenyewe mpaka yanyamaze, halafu uchuje. Nilitaka kumwambia mama akuambie. Nikaona nitaonekana namfundisha mzee."

Nilikuwa na penseli ya kuchorea vyuma. Niliandika ukutani: yanyamaze, ijae, ifungwe. Niliuliza pia kama waliwahi kuweka mafuta katika chombo cha shaba, naye akasema bibi yake alikataza, hakujua kwa nini. Nikaandika na hilo. Nilikuwa na furaha, ndiyo aibu yenyewe. Kwa dakika tano nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya mafuta.

Gari la Mbeya lilipiga honi barabarani. Mke wangu akaita. Mkamwana hakuondoka.

"Nimwambieje?" aliuliza.

Nilielewa anamsema nani na anauliza nini. Kama ningemwambia kwamba mume wake hakuwa na kosa, kosa ni langu, nilimsingizia mbele za watu, angelibeba neno hilo hadi Chunya, na nadhani lingemrudisha. Alikuwa kijana wa kurudi akiitwa. Niliyatazama yale maandishi ya penseli.

"Mwambie mafuta yalikuwa na maji," nikasema.

Alisubiri. Mtoto alijigeuza mgongoni. Kisha alisema, "Ndaga, tata," yaani asante, akaenda.

Mwaka ule nilisuka koili upya. Nilikaanga majani ndani ya mafuta hadi yakanyamaza, nikapaka shaba vanishi, nikajaza tangi hadi juu, na juu ya mfuniko nikaunga kikopo kidogo cha kupokea mafuta yanapotanuka, ili hewa isiguse yaliyo ndani. Mafuta yale yalikaa zaidi ya mwaka mzima bila kunata. Nilichomelea nayo mwenyewe mageti machache, lakini macho yalikuwa yameanza kuchoka, na mashine nikaiuza kwa karakana ya Kiwira pamoja na mafuta yake. Aliyeinunua aliyamwaga mafuta siku ileile, akatia ya nguzoni.

Kutoka Chunya ilikuja barua, mwandiko wa mkamwana. Ilikuwa na salamu, habari za mtoto, na sentensi moja: "Nimemwambia juu ya maji, amesikia." Nilijibu kwa salamu na habari za mvua. Kijana wangu alikuja kumzika mama yake, miaka mingi baadaye, akiwa na watoto wanne na mvi za kwanza. Alinisalimia vizuri. Alilala kwa mjomba wake siku mbili, akarudi Chunya. Siku hizo za msiba mkewe alipopita uani akanikuta nimekaa kwenye jua, hakuacha njia. Alisimama, akaniamkia usoni. Nilimjibu, nikauliza habari za safari, akasema barabara sasa ni nzuri.